Usalama Uwe Ndani ya Kifurushi

Watu wengi hudhani kwamba chombo kikishabuniwa, kazi kubwa imekwisha. Kinachobaki, yaani kukifungasha, kukiwekea maelezo na kukifikisha mkononi mwa mtumiaji, huhesabiwa kuwa kazi ya karani wa stoo. Mbunifu hupewa tuzo na jina lake huandikwa vitabuni; mfungashaji hapewi hata asante. Dhana hii ni potofu, na madhara yake ni makubwa kuliko tunavyofikiri. Nakusudia kuipinga kwa mfano ambao huenda ukamshangaza msomaji, kwa kuwa mimi ni mwalimu mstaafu niliyevuka miaka sabini, na umri wangu mwingi umepita mbele ya ubao na chaki. Mfano wenyewe ni madaftari ya kompyuta.

Ndugu msomaji, usitishwe na jina. Daftari la kompyuta ni ukurasa mrefu katika kioo cha kompyuta, uliogawanywa visanduku. Katika kisanduku kimoja unaandika maelezo kwa lugha ya kawaida; katika kingine unaandika amri za hesabu, na jibu hutokea papo hapo chini yake, liwe namba, jedwali au mchoro. Daftari lililoenea sana ni la Jupyter, mradi uliopata jina hilo mwaka 2014 kutokana na kazi ambayo Fernando Pérez aliianza mwaka 2001. Kwa mwalimu, hiki ni chombo cha kupendeza. Miaka yote tuliwaambia wanafunzi waonyeshe njia, wasitupe jibu tupu. Hapa njia na jibu vinakaa pamoja katika ukurasa mmoja.

Tena jambo hili haliko mbali nasi hata kidogo. Wizara ya Maji ya Tanzania na mradi uitwao Taarifa walitoa takwimu za vituo vya kuchotea maji nchini, nyingi zikiwa zimekusanywa kati ya mwaka 2011 na 2013. DrivenData ya Marekani ikazigeuza kuwa shindano: mshindani akisie kituo kipi kinatoa maji, kipi kinatoa lakini kinahitaji matengenezo, na kipi kimekufa. Sehemu iliyotolewa pamoja na majibu yake ina vituo 59,400. Vilivyokuwa vikifanya kazi ni 32,259. Vilivyohitaji matengenezo ni 4,317. Vilivyokufa ni 22,824. Katika jedwali hilo, zaidi ya vituo 1,000 vimeandikwa chini ya Rungwe. Maana yake ni kwamba watu walio mbali, ambao hawajapata kuonja maji ya mlima wetu, wamefungua madaftari yao na kuyapigia hesabu mabomba ya Rungwe.

Mgeni anayefika Nkunga na kuona ukungu, migomba na mvua isiyokwisha atadhani kwamba hatuna shida ya maji. Mvua tunayo. Lakini maji ya mserereko hayashuki kutoka chanzo hadi mlangoni kwa hisani ya mvua; yanataka chujio safi, bomba zima na koki isiyovuja. Bomba likipasuka, mama anarudi mtoni na ndoo kichwani huku mvua ikimnyeshea. Kwa hiyo kituo kilichoandikwa kwamba kinafanya kazi lakini kinahitaji matengenezo ndicho chenye thamani kubwa kwa mtu anayepanga. Leo kinaokolewa kwa spana na koki mpya. Mwakani kitataka fedha za mradi.

Sasa tuutazame ugonjwa wa madaftari haya. Chukua mwalimu kijana wa hisabati anayetaka kufundisha asilimia kwa takwimu hizo. Katika kisanduku cha kwanza anaiamuru kompyuta isome jedwali. Katika cha pili anajaribu jambo: vituo vinavyohitaji matengenezo anaviita vizima, kwa kuwa maji yanatoka. Katika cha tatu anatafuta asilimia ya vituo vizima, anapata 61.6. Anafikiri tena, anaona kwamba si haki kukiita kizima kitu kinachovuja, basi anakifuta kisanduku cha pili. Anaendesha tena kile cha tatu. Jibu linatoka lilelile, 61.6.

Kwa nini? Kwa sababu amefuta maandishi ya ukurasani, lakini hakufuta kilichomo katika kumbukumbu ya kompyuta. Jedwali lililogeuzwa bado limo humo, halionekani. Anayeusoma ukurasa huo anaona visanduku viwili tu: soma jedwali, tafuta asilimia. Njia hiyo ingempa 54.3. Jibu lililoandikwa chini yake ni la njia nyingine ambayo haipo tena. Vituo 4,317 vimetoka katika orodha ya matengenezo, na ukurasa hauonyeshi mkono uliovitoa. Mwanafunzi akifanya hivyo katika daftari la karatasi, mwalimu humwita na kumuuliza jibu hili amelinakili kwa nani. Kompyuta haiulizi, wala haoni haya anayeitumia, kwa kuwa hajui.

Lisidhaniwe kuwa hilo ni jambo la mwalimu mmoja wa kubuni. Mwaka 2019 João Felipe Pimentel na wenzake walichapisha uchunguzi wa madaftari karibu milioni 1.4 yaliyokuwa yamewekwa hadharani. Katika yale waliyojaribu kuyaendesha upya, asilimia 24 hivi ndiyo yaliyofika mwisho bila kosa, na asilimia 4 tu ndiyo yaliyotoa majibu yaleyale yaliyoandikwa humo. Miongoni mwa makosa yaliyojitokeza mno yalikuwa mawili ninayoomba msomaji ayashike. La kwanza, daftari lilihitaji programu ya msaada ambayo haikuwamo katika kompyuta. La pili, daftari lilitaja kitu ambacho ukurasa haukukitengeneza mahali pake. La kwanza ni kosa la ufungashaji. La pili mara nyingi ni ule ugonjwa wa kumbukumbu iliyofichika. Magonjwa mawili yanalala kitanda kimoja, nasi tunayaandikia vyeti tofauti.

Dawa zipo, na waliozitengeneza wanastahili heshima. Mwaka 2021 Stephen Macke na wenzake walichapisha habari za chombo chao, nbsafety, ambacho baadaye kilirithiwa na ipyflow. Chombo hicho hufuatilia kila kitu kimetokana na kipi, na kisanduku kinapotegemea jambo lililopitwa na wakati hukitia alama, kikaonyesha kipi kiendeshwe upya. Kwa wanaotumia lugha ya Julia, tangu mwaka 2020 lipo daftari la Pluto, ambalo ukibadili kisanduku kimoja, vyote vinavyokitegemea hujibadili. Marimo, lililokuja baadaye kwa lugha ya Python, nalo ukifuta kisanduku hufuta na kumbukumbu yake. Yule mwalimu wetu kijana angekuwa na Pluto au Marimo, huenda asingepata 61.6 ya uongo.

Kama dawa zipo, mbona mgonjwa bado anaugua? Hapa ndipo penye ugomvi wangu.

Katika semina moja ya walimu niliyoalikwa kuwa msikilizaji, binti mmoja anayefundisha sekondari alinyoosha mkono akamwuliza mwezeshaji: "Samahani kaka, hakuna kitu cha kutukinga na kosa hili?" Mwezeshaji, kijana msomi na mwenye adabu zake, akajibu: "Kipo, dada. Anayekitaka atakipakua mwenyewe." Watu wakaandika, semina ikaendelea.

Jibu lile ni fupi, lakini ndani yake mna falsafa nzima, na ni falsafa mbaya. Kwanza, anayekihitaji sana chombo cha usalama ndiye asiyejua kwamba anakihitaji. Fundi mzoefu anaijua hatari na anajihadhari hata bila chombo. Mwanagenzi haijui, na chombo hakipo. Ukisema anayetaka atafuta mwenyewe, umewapa kinga wazima na kuwanyima wagonjwa.

Pili, tazama chombo chenyewe kilivyofungashwa. Ili kupata nbsafety ilibidi uandike amri ya kupakua, kisha amri ya pili ya kusimika, kisha uingie katika orodha na kuchagua kiini hicho badala ya kile cha kawaida. Kiini salama kiliwekwa kando ya kiini cha kawaida, na daftari likifunguliwa, cha kawaida ndicho kilichotangulia. Nyumba ina milango miwili: mzima umefungwa na ufunguo uko kwa jirani, mbovu uko wazi barazani. Kisha tunamlaumu mgeni kwa kupita mlango mbovu!

Tatu, kupakua kunataka kifurushi kingine, kile cha intaneti. Lugha yetu ina hekima yake kuviita vyote viwili kwa jina moja. Mwalimu wa kijijini hununua kifurushi kwa fedha ya mfukoni, kwa siku au kwa wiki, na mtandao wenyewe hukaa kama wingu juu ya Rungwe, mara upo mara umepotea. Programu moja huita nyingine, nayo huita nyingine tena. Kifurushi kikiisha katikati, anabaki na nusu ya chombo. Nusu ya chombo cha usalama ni hatari kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu humpa mtu imani isiyo na msingi.

Najua watakavyonijibu. Watasema: wafundishwe nidhamu, kila baada ya kazi waizime kumbukumbu, waendeshe daftari lote kuanzia juu hadi chini, na kosa litajulikana. Shauri hilo ni jema, na ningelitoa darasani. Nimeifundisha nidhamu maisha yangu yote, na kwa sababu hiyohiyo naijua mipaka yake. Sheria inayotegemea kukumbukwa hufuatwa Jumatatu asubuhi. Ijumaa jioni, umeme ukiwa unakatika na gari la mwisho likipiga honi barabarani, husahauliwa. Karatasi za mitihani ya taifa hufika shuleni katika bahasha zilizofungwa, nazo hufunguliwa kwa utaratibu mbele ya watu. Hakuna aliyesema kwamba walimu ni waaminifu, kwa hiyo bahasha hazina kazi. Wala hakuna msimamizi anayehesabu bahasha ile kuwa tusi. Inamlinda mtahiniwa, na inamlinda yeye. Nidhamu na bahasha havigombani. Nidhamu bila bahasha huchoka.

Wengine watasema kwamba ufungashaji ni kazi ndogo isiyostahili akili za wasomi. Hao nawapeleka zahanati. Chumvi na sukari zilikuwapo jikoni tangu zamani. Wanasayansi walipogundua kwamba maji yenye chumvi na glukosi kwa kipimo sahihi humwokoa mtoto anayehara, ugunduzi ulikuwa mkubwa. Lakini ugunduzi huo ulifika mikononi mwa mama kwa njia ya pakiti ndogo: chumvi zimekwisha kupimwa, lita moja ya maji imetajwa, maelezo yameandikwa, na hakuna linalobaki kukisiwa. Chumvi ikizidi, dawa inageuka madhara. Kwa hiyo aliyepima na kuifunga pakiti ile alimaliza kazi ya mgunduzi, na sehemu ya usalama wa dawa imo katika kipimo chake.

Na upande wa pili wa jambo hilo tunaujua sana sisi wakulima. Dawa ya kuulia wadudu inapotolewa katika chupa yake na kumiminwa katika chupa ya soda, ni dawa ileile, lakini imekuwa mauti mezani. Lebo imepotea, kifuniko kimepotea, tarehe imepotea. Programu nyingi zinatufikia vijijini kwa namna hiyo. Mtu humpa mwenzake katika diski mkononi, haijulikani ni toleo gani, nani amelifunga, wala ni mdudu gani wa kompyuta ameingia njiani. Kwa hiyo ninapodai kifurushi, sidai rundo la mafaili tu. Nadai chupa yenye lebo.

Nieleze basi nikitakacho, nisije nikaambiwa kwamba mzee analalamika bila kusema anataka nini. Kifurushi cha daftari salama kiwe na mambo matano.

Kwanza, kiwe kamili. Daftari, kiini chake salama na programu zote zinazohitajiwa viwe pamoja, na kiweze kusimikwa kutoka katika diski bila kugusa intaneti. Watengenezaji wa Pluto wameonyesha kuwa sehemu ya jambo hili inawezekana: tangu mwaka 2021 daftari lao hubeba ndani yake orodha ya programu linazozitegemea pamoja na matoleo yake.

Pili, usalama uwe ndio hali ya kawaida. Anayeufungua mara ya kwanza aukute unafanya kazi. Anayetaka kuuzima, kwa sababu hesabu zake ni nzito na kompyuta yake ni dhaifu, auzime kwa hiari na ajue amefanya nini. Hoja ya uzito ni ya haki. Daftari linalojiendesha upya kila unapobadili kisanduku huchosha mashine kuukuu. Lakini Marimo linaweza kupangwa liweke alama tu kwenye visanduku vilivyochakaa, livisubiri viendeshwe na mwenyewe. Alama haili umeme mwingi.

Tatu, kiwe na muhuri. Jina la aliyekifunga, toleo, tarehe, na ile namba ya uthibitisho inayobadilika hata ikiguswa herufi moja, ili anayekipokea aweze kulinganisha. Maelezo ya jinsi ya kulinganisha yaandikwe kwa hatua, kama yalivyo maelezo ya pakiti ya zahanati.

Nne, onyo liseme Kiswahili. Onyo lisiloeleweka ni kelele. Kisanduku kikichakaa, mwalimu asome kwa lugha anayofikiria kwayo kwamba jibu hili limetokana na jedwali lililokwisha badilishwa, aliendeshe upya. Msiniambie kwamba Kiswahili hakiwezi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, bure. Maneno yalipatikana. Utashi wa kuendeleza jambo kama hilo mwaka baada ya mwaka ndio huwa haba.

Tano, na hili ndilo gumu, awepo mtu wa kukitunza. Programu hazikai. Toleo jipya la kitu kimoja huvunja kitu kingine, na kifurushi kisichoangaliwa huoza kama maziwa yaliyokosa gari la kwenda mjini. Mtunzaji huyo alipwe. Tunaona aibu gani kumlipa mfungashaji, hali tunawalipa wanaofungua semina kwa hotuba?

Watakaouliza kazi hii ni ya nani, nawajibu kwamba ni ya vyuo vyetu, na hasa vyuo vya ualimu. Mwanachuo mmoja wa kompyuta akifunga kifurushi kimoja vizuri, akakijaribu katika mashine tano kuukuu za shule ya kata, amefanya jambo lenye manufaa kuliko tasnifu nyingi zinazolala rafuni. Ahesabiwe kuwa amefanya utafiti, maana amelazimika kujua chombo kinavunjikia wapi, kwa nani, na kwa nini. Na wafadhili wanaopenda kutuletea kompyuta wakumbuke kwamba kompyuta tupu ni kabati. Wakija na madaftari, waje nayo yakiwa salama tangu ndani ya boksi.

Sisemi kwamba RUWASA, wakala aliyepewa maji ya vijijini mwaka 2019, anapanga kazi kwa madaftari ya mashindano. Nasema kwamba vijana wanaojifunzia takwimu hizi leo ndio maofisa wa maji, wa afya na wa kilimo wa kesho, na mkono huandika kesho kama ulivyozoeshwa jana. Katika jedwali lile peke yake, zaidi ya vituo 20,000 vimeandikiwa sifuri mahali pa idadi ya watu, yaani hakuna aliyejaza. Ukiziacha sifuri hizo, wastani ni watu karibu 180 kwa kituo. Ukiziondoa, unakuwa karibu 281. Uamuzi wa kuziacha au kuziondoa ni kisanduku kimoja kinachoweza kufutwa baada ya kuendeshwa. Kati ya namba hizo mbili wapo watu mia moja wenye ndoo, kwa kila kituo. Ofisa atakayeletewa wastani huo ana haki ya kujua ni upi, na umetokana na nini.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Walinena kweli, lakini hawakusema kinga iachwe dukani ili anayeitaka aifuate. Waliobuni vyombo hivi wametimiza wajibu wao kwa heshima. Waliobaki na deni ni sisi tunaofundisha, tunaonunua na tunaogawa. Tusimpe kijana daftari leo na kumwahidi usalama kesho akipata kifurushi. Tumpe vyote kwa mkono mmoja, siku moja, au tukiri kwamba tumemuuzia mbegu tukabaki na jembe.